Digrii Moja ya Uhuru

Mavyaa hanitumi ghalani.
Mkono uliozaliwa na njaa, asema,
ukichota mahindi huacha shimo.
Tangu uje hapa magunia hayafiki Juni.
Basi hupanda Nekesa, mke wa shemeji, binti wa mavuno,
nami hubaki chini nikishika ngazi.

Nilizaliwa Ndivisi, mwezi wa Mei,
mwaka mbegu ilipoliwa kabla ya kupandwa.
Wakaniita Nanjala, ili njaa isikie imetajwa, iende zake.
Haikwenda. Ilihamia kwenye jina.

Mei hii nikachukua daftari la mwanangu,
kurasa zilizosalia baada ya hesabu za darasa la sita,
nikapita boma hadi boma, nyumba mia na ishirini,
nikiuliza mawili tu:
mwenye nyumba ni wa njaa au wa mavuno?
Ghala lina kitu, au panya wamehama?
Wanjala fundi baiskeli alinivuta pembeni:
Langu limejaa, ila usimwambie mtu.

Nikachora vyumba vinne.
Wa njaa arobaini na wanane, wa mavuno sabini na wawili.
Maghala yenye mahindi hamsini. Matupu sabini.

Sasa subiri. Kabla ya kumlaumu mtu
uliza kwanza: dunia isiyojali majina ingegawaje?
Arobaini na nane mara hamsini,
gawa kwa mia na ishirini:
wa njaa ishirini wangekuwa na akiba
hata kama jina ni upepo.
Mimi niliwapata kumi na saba.

Watatu pungufu!
Mavyaa angewapigia vigelegele hao watatu.

Lakini tatu ni nyingi kiasi gani?
Tatu ileile iko kila chumba, huku imezidi, kule imepungua,
kwa kuwa jumla zimekwisha kufungwa pembeni:
ukijaza chumba kimoja, vitatu havina hiari.
Vitabu huiita digrii moja ya uhuru.
Sijawahi kupewa zaidi ya hiyo.

Tatu mara tatu, tisa.
Gawa kwa tarajio la kila chumba, jumlisha:
moja nukta mbili tisa.
Mpaka ni tatu nukta nane nne.
Maji hayakufika hata magotini.

Sikushangilia. Hesabu haikusema jina liko huru.
Ilisema kamba sijaiona.
Huenda ipo, nyembamba,
na nyumba mia na ishirini ni macho machache.

Ila uliza watu mawili, watakujibu la tatu.
Mlangoni, bila kuulizwa, walinieleza habari za miwa:
nani kakodisha shamba, nani kakataa.
Nilikuwa nimeyaandika pambizoni.
Sitini kwa sitini.
Kila upande ungestahili maghala ishirini na matano yenye kitu.
Waliokodisha: kumi na manne.
Waliokataa: thelathini na sita.
Nikakokotoa mara mbili, mshumaa ukaisha, nikawasha mwingine.
Kumi na sita nukta sita.
Hapo maji yalipita kichwa.

Najua, najua. Kuandamana si kuzaana.
Pengine ufukara ndio uliowapeleka kwenye miwa,
si miwa iliyowafukarisha.
Jedwali halijui nani alitangulia.

Lakini mimi najua mwaka gani baba mkwe alitia saini,
ekari mbili za bondeni, zile za mahindi.
Mwaka niliooolewa.

Nilimwonyesha mavyaa daftari.
Akapita vyumba vyote, akaweka kidole kwenye kumi na saba.
Hawa ni akina nani?
Nikawataja, isipokuwa fundi baiskeli.
Akakaa kimya, akafunga kitambaa upya,
akatazama bondeni, miwa ikitikisika.

Asubuhi Nekesa alikuwa sokoni.
Leta debe, akasema mavyaa. Hakuita jina.
Ngazi aliishika yeye.

Mlemle gizani nilihesabu magunia.
Manne.
Nikayaandika.